Amplifaya ya Ngui

Kataa kama unataka. Sema Wasike wa Jericho ni muongo, aliacha shule darasa la nne, anajua nini. Lakini redio ya mathe wako nani aliifufua? Basi nyamaza usikie, halafu uniambie ni uongo, ukiweza.

Ilianza na mkwaruzo mdogo. Mwaka wa tisini na nne, bendi ya Ngui ilipiga kila Jumapili mchana kwenye ukumbi wa mtaa. Yeye gitaa, mkewe Mutheu sauti. Mutheu akafa mwezi wa tatu, homa ya siku nne tu. Tukampeleka kwao Machakos, bendi ikampigia kaburini, na tukirudi amplifaya ikaanguka kwenye pikapu, koni ya spika, ile karatasi inayotetema, ikachanika. Nani aliitwa? Mimi. Nikaiziba kwa kitambaa na gundi, kazi safi.

Jumapili iliyofuata Ngui akapanda jukwaani kwa mazoezi. Hakujua lingine la kufanya na mikono yake. Akagusa nyuzi. Sauti ikatoka kama spika imejazwa changarawe.

"Fundi, hii nini?"

"Tulia, buda. Uko na daktari."

Ona fundi wa kweli anavyotafuta ugonjwa: kitu kimoja kimoja. Nikabadilisha gitaa, mkwaruzo. Nikabadilisha waya, mkwaruzo. Jeki, lile tundu la kuchomeka waya, nikailehemu upya. Nikapunguza sauti, maana amplifaya ikilazimishwa hukoroma. Hii ilikoroma hata kwa mnong'ono. Mwisho nikachomoa waya wa gitaa kabisa, nikauninginiza mkononi, na mkwaruzo haukukoma, ulikuwa unapanda na kushuka kama mtu anayevuta pumzi kwenye kifua kilichojaa makohozi, na harufu ikaanza kutoka kwenye kile kitambaa cheusi kinachofunika spika kwa mbele, mafuta ya nazi na moshi wa makaa, harufu ya Mutheu akitoka kusukwa nywele, na sote tukaijua na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

"Nirudishie," spika ikasema.

Patrobas, mpiga ngoma wetu, alitoka kwa dirisha. Mlango ulikuwa wazi.

Ngui akapiga magoti. "Mutheu," akanong'ona, "nikurudishie nini?"

"Nirudishie."

Akatoka nje akalia kama mtoto, ameegemea ukuta wa ukumbi. Aliporudi nilikuwa nimebadilisha valvu mbili za ndani ya amplifaya na kuhamia soketi nyingine. Nikamwambia nadhani ni umeme wa ukumbi.

"Umeme unaongea na sauti ya bibi yangu?"

Nikarudi kwenye valvu zangu. 

Basi Ngui akaanza kurudisha. Kila Jumapili aliweka kitu mbele ya spika: viatu vya Mutheu, kitana chake, pete ya harusi. Kila Jumapili sauti ilikataa. Akaacha kula. Hatimaye nikamwendea Bi Khadro, Majengo, mama anayetoa majini. Akaja na chetezo, akafukiza ubani, akasoma, akaweka sikio kwenye spika muda mrefu. Akainuka.

"Huyu si wa kufukuza, wanangu," akasema polepole. "Kuna kitu chake kimeshikwa. Kikirudi, naye atarudi alikotoka. Nguo zake nani alikunja?"

"Mamake," Ngui akajibu. "Kwetu nguo za marehemu ni mama yake anayekunja. Haziguswi na mtu mwingine. Alisema leso moja imekatwa, akanitukana eti kipande nimempa mwanamke mwingine. Hajaongea na mimi tena."

Bi Khadro akatutazama mmoja mmoja. Akafika kwangu.

"Na wewe, mwanangu?"

"Mimi natengeneza spika tu, Bi."

Ngui akalitazama gitaa lake. Mutheu ndiye aliyelinunua, kwa pesa ya vitambaa alivyoshona miaka miwili. "Ni hili," akasema, kama mtu aliyepata jibu. "Anataka hili." Nikamwona akilifunga kwa blanketi. Akalipeleka Machakos, akalizika kando ya mkewe. Mvua ya mwezi wa nne ilikuwa imeshaanza.

Hajapiga tena. Siku hizi anakata viatu vya akala soko la Kariokor. Vidole vile, kwenye tairi. Amplifaya aliniachia mimi, kama shukrani.

Sasa, kuna mahali nimeruka.

Spika. Umeniskia nikitaja kila kitu nilichojaribu isipokuwa spika. Niliijaribu. Siku ile Ngui akilia nje, niliunga spika nyingine, nikapiga gitaa, ikatoka safi kama maji. Nikajua. Nikairudisha yenye kiraka, ndipo nikaanza kucheza na valvu.

Kiraka ni pembe ya leso ya Mutheu. Niliikata ikiwa kwenye kamba ya nguo, watu wakipakia jeneza, nikaificha mfukoni. Koni ilipochanika, kipande cha shati langu kingetosha. Lakini maandishi ya leso ile ndiyo alinifundishia kusoma, tumekaa ngazini kwao jioni, kidole chake chini ya kila herufi, bila kunicheka hata siku moja. Ningemwambia Ngui habari ya kitambaa, angeuliza kwa nini niliibeba leso ya bibi yake, na hilo ningelijibuje?

Amplifaya iko chini ya kitanda changu, haina waya. Jumapili mchana huanza kukwaruza, na harufu ya nazi hujaa chumbani, na huniomba. Kubandua kiraka ni kazi ya dakika mbili.

Nikibandua, atanyamaza.