Oktavia na Umeme wa Kibofu

Je, wewe ungefanyaje kama mwanao amejifungua, anakuita, nawe unaona haya kumwambia kwa nini huendi?

Hayo yalimpata Oktavia wa Lyamkena, pale Makambako. Mkojo ulikuwa ukimbana ghafla, na kabla hajafika chooni umeshatoka. Akawa anajifunga vitenge viwili, cha ndani amekikunja kikawa kinene. Alikaa karibu na moto ili anuke moshi, harufu ile nyingine isisikike. Maji aliacha kunywa.

Binti yake, Nelly, alijifungua Ludewa. Alipiga simu akiomba mama aje kumkanda na kumpikia uji. Oktavia akasema viazi havijavunwa. Binti alipopiga tena, akasema mguu unauma. Nelly akasema, "Mama, sema tu. Ni kwa sababu nimezaa sijaolewa."

Oktavia akakataa, lakini sababu yenyewe hakuitaja.

Jirani yake, Esteria, aliona shuka zikianikwa kila asubuhi, hata siku za ukungu. Siku moja wakimenya viazi akamwambia polepole, "Mama Nelly, hata mimi nililowa baada ya uzazi wa mwisho. Twende Njombe, kuna tiba."

Oktavia aliendelea kumenya hata kiazi kikabaki kama punje ya hindi. Lakini kesho yake walikwenda.

Hospitali walimpima mkojo kwanza, kama una maambukizi au sukari. Havikuwemo. Akapelekwa kwa Angela, mtaalamu wa viungo na misuli. Angela akatoa kimashine chenye nyaya na vibandiko, akasema ni cha umeme mdogo. Oktavia akajivuta nyuma. Mota ya kisima aliijua: ukiwasha umeme, maji yanapanda.

"Mwanangu, mkojo ninao tele," alisema akitazama sakafu. "Usiniongezee."

"Mama, kibofu hakitengenezi mkojo," Angela akamwambia. "Figo ndizo zinazotengeneza. Kibofu kinatunza tu, na chako kinajikaza kabla hakijajaa. Umeme huu utapita kwenye neva ya mguu, mshipa wa fahamu unaoungana na ule wa kibofu, ukitulize. Kazi yake si kuongeza mkojo."

Kisha akamuuliza kama ana kifaa cha moyo mwilini, au mimba, maana watu hao hawawekewi mpaka daktari aamue.

"Mimba? Kwa mvi hizi?" Oktavia akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Angela akambandika karibu na kifundo cha mguu. Umeme ulimtekenya kama sisimizi wanaotembea. Alifundishwa kubana misuli ya chini inayozuia mkojo na kuiachia. Aliambiwa pia anywe maji kidogo kidogo mchana, kwa kuwa mkojo mzito hukichokoza kibofu, na apunguze chai ya rangi.

Alirudi kila wiki. Mwanzoni hakuona nafuu, akataka kuacha. Esteria akamfuata nyumbani akamsindikiza. Baadaye Oktavia akaanza kufika chooni kwa wakati. Siku nyingine alilowa kidogo, lakini si kama zamani.

Ndipo akapanda basi la Ludewa. Nelly alimpokea mzigo bila kumtazama usoni, akamwekea kiti, akabaki amesimama na mtoto kifuani. Hakumpa ampakate. Oktavia hakukaa.

"Nelly, nilikuwa najikojolea," alisema. "Niliona haya. Niliogopa kulowesha godoro lako. Lakini kuja, mwanangu, nilitaka tangu siku ile uliyojifungua."