Baba Hakulia

Kila alasiri, kengele ya mwisho ikishalia, Chiriku alipitia karakana ya baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Jina hilo la Chiriku alipewa na bibi yake mzaa baba, kwa sababu alianza kusema kabla hajajua kutembea, na tangu hapo hakunyamaza. Karakana yenyewe ilikuwa banda la mabati kando ya barabara, limejaa mageti, madirisha ya nondo na vipande vya vyuma. Mashine ya kuchomelea ikiwa inatema cheche, Chiriku alisimama mlangoni akiipa mgongo, kisha akasimulia mambo ya shule kwa sauti ya kushindana na mashine.

"Baba, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Nimesema nini?"

"Umesema mwalimu wa hesabu ana mafua."

"Ah, baba! Hiyo ilikuwa jana!"

Baba alicheka kidogo, akashusha tena kinga yake ya uso. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na tangu bibi alipofariki mwaka uliopita, hata yale machache yalipungua. Chumba cha bibi kilifungwa, na hakuna aliyekitaja. Siku moja Chiriku alimuuliza mama yake sababu, naye akamjibu, "Mwache baba yako. Kila mtu ana namna yake ya kubeba mzigo."

Lakini Chiriku hakuelewa mtu anawezaje kubeba mzigo mzito kiasi kile bila hata kuguna.

Muhula huo darasa lao lilikuwa likisoma riwaya. Ilihusu msichana aliyezaliwa katika ukoo wenye siri. Katika ukoo huo, mtoto akianza kuwa mkubwa, husikia marehemu wa familia wakizungumza ndani ya kuta za nyumba. Msichana huyo alisikia babu zake wakibishana na mashangazi wakiimba. Alimsikia hata mjomba mmoja mkorofi aliyetaka kujua nani kavaa viatu vyake. Sauti moja tu hakuisikia, nayo ndiyo aliyoitamani: sauti ya mama yake. Mpaka siku moja, alipokuwa akimkanya mdogo wake asichezee moto, alishtuka. Sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ile ile ya mama.

Walipofika mwisho, darasa liligawanyika. Wapo waliodai kitabu kinatisha. Wapo waliolalamika kwamba hakitishi vya kutosha. Mwalimu wa Kiswahili aliwaacha wabishane mpaka wakachoka.

"Sasa nataka kusikia watu wazima wanasemaje," alisema. "Mtapokezana vitabu. Kila mmoja ampe mtu mzima wa nyumbani kwake asome, au amsomee. Ijumaa mniletee maoni yake. Nataka alichosema yeye, si kile ambacho ninyi mngependa aseme. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mwalimu!"

Chiriku hakuhitaji kufikiri mara mbili. Mama angesema mengi bila kuombwa, lakini maoni aliyoyataka yalikuwa ya baba. Msichana wa kitabuni alikuwa anamtafuta mama yake. Baba naye, Chiriku aliwaza, bila shaka anamtafuta wake.

Siku ile ile akakipeleka kitabu karakana.

"Baba, mwalimu anataka usome hiki, halafu uniambie umekionaje."

"Weka hapo."

Kesho yake kitabu kilikuwa pale pale juu ya meza ya kazi, kimefunikwa na vumbi la chuma. Chiriku akakipangusa, akakisogeza karibu zaidi. Siku iliyofuata alijaribu kumsomea ukurasa wa kwanza, lakini mteja akaingia kuulizia geti lake. Wakati wa chakula akamkumbusha.

"Kesho, mwanangu," baba alijibu.

Kesho hiyo ikafika, na ilikuwa Ijumaa.

Darasani, rafiki yake aliyeitwa Miwani ndiye aliyetangulia. Mjomba wake alikuwa kinyozi. "Mjomba amesema kitabu hiki ni uongo mtupu," Miwani alisoma. "Amesema kama marehemu wangekuwa wanaongea ukutani, baba yake angeshamuuliza redio yake ameipeleka wapi."

Darasa likaangua kicheko. Akafuata mvulana ambaye mama yake ni mpishi. Mama huyo alisema kasoro ya msichana wa kitabuni ni kusikiliza kuta badala ya kuosha vyombo. Msichana mwingine alimsomea babu yake asiyeona vizuri. Babu aliomba asomewe tena kurasa za mwisho, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Ehee," basi.

"Hayo nayo ni maoni," mwalimu alisema kwa upole. "Chiriku?"

Chiriku akasimama. Angeweza kusema kwamba baba hakupata nafasi. Alikuwa ameshafungua kinywa aseme hivyo. Lakini aliwatazama wenzake wakimngoja, akakumbuka lile vumbi la chuma juu ya kitabu, akaona aibu. Na ulimi hauna mfupa.

"Baba yangu amesoma kitabu chote," alisema. "Alipofika mwisho, alilia. Alijifunika uso kwa kinga yake ili wateja wasimwone, lakini machozi yakadondoka kwenye chuma cha moto, yakawa mvuke. Akaniambia, 'Mwanangu, na mimi naisikia sauti ya mama yangu kila siku.'"

Mwalimu akageukia dirishani, akajipangusa macho kwa kiganja. Wakati wa mapumziko wenzake walimzunguka Chiriku, mmoja akampa nusu ya andazi lake. Alilila, lakini halikuwa na ladha.

Njia ya mwongo ni fupi. Juma lililofuata geti la shule lilikatika bawaba, na fundi aliyeitwa kulitengeneza alikuwa baba. Mwalimu wa Kiswahili alimtuma Chiriku ampelekee maji ya kunywa, kisha naye akamfuata nyuma.

"Shikamoo mwalimu" ilikuwa bado haijamtoka baba kinywani wakati mwalimu alipomshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, fundi. Binti yako ametusimulia jinsi kitabu kile kilivyokuliza. Darasa zima liliguswa. Kumpoteza mama si jambo dogo."

Chiriku alihisi ardhi ingemfanyia hisani kama ingepasuka. Baba alimtazama. Hakukunja uso wala hakupandisha sauti.

"Ahsante, mwalimu," alisema, akarudi kwenye bawaba yake.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, baba alibeba kisanduku chake cha vifaa na Chiriku akabeba nyaya. Walitembea hadi maduka yakaisha.

"Machozi yale," baba aliuliza hatimaye, "umeyatoa wapi?"

"Nimeyatunga."

"Kwa nini?"

"Kila mtu alikuwa na la kusema." Chiriku alizikumbatia zile nyaya. "Mjomba wa Miwani, mama yake nani hii, hata babu asiyeona. Wewe tu ndiye hukusema kitu."

"Kwa hiyo ukanisemea."

"Nisamehe, baba."

Baba akaweka kisanduku chini. "Sikiliza. Kulia si aibu, sikasiriki kwa hilo. Lakini mwalimu wako amenipa pole kwa moyo wote, na pole ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya yule baba uliyemtunga. Mimi nilisimama pale kama mtu aliyevaa koti la jirani."

Chiriku alilia, na hayo hayakuwa machozi ya kutunga. Baba alimngoja amalize, akampa kitambaa chake chenye harufu ya grisi.

"Na mimi nina kosa langu," alisema. "Kitabu kilikaa mbele ya macho yangu siku zote zile. Kiko wapi?"

Jumamosi baba alifunga karakana mapema, akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akaketi kibarazani na kitabu. Alisoma polepole. Chiriku alijifanya anafagia, akafagia mahali pamoja mpaka mama akamuuliza kama anachimba kisima. Alipofika kwa mjomba wa viatu, baba alicheka kwa sauti. Mbele kidogo akakunja uso, akakifunga kitabu, akazunguka nyumba, kisha akarudi akaendelea.

Jumapili baada ya chakula cha mchana alimwita. Sauti yake ilitoka chumbani kwa bibi.

Chiriku alisimama mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, dirisha limefunguliwa, na baba ameketi ukingoni mwa kitanda cha bibi huku kitabu kiko mapajani.

"Njoo ukae. Ulitaka maoni yangu, ndiyo haya. Sikulia. Kwanza nilimkasirikia yule msichana. Analalamika kwamba kuta zinampigia kelele! Nikasema, wewe mtoto, hujui bahati uliyo nayo." Aliutazama mlango. "Unajua kwa nini nilikifunga chumba hiki?"

"Hutaki kukumbuka?"

"Nakumbuka kila siku. Nilichoogopa ni kuingia humu nikakuta kimya. Mlango ukiwa umefungwa, mtu anaweza kujidanganya kwamba mama yake yumo ndani, amejipumzisha, usimsumbue."

Chiriku alitaka kusema kitu, akajizuia. Akauweka mkono wake juu ya mkono wa baba.

"Sasa nimeingia," baba alisema. "Kimya kipo kweli. Lakini nimekaa nacho tangu asubuhi na hakijanidhuru. Na ule mwisho, eti sauti ya mama inatoka kinywani mwa mtoto, sijui kama nakubaliana nao. Bibi yako alikuwa na sauti kama filimbi. Mimi nikiimba, mbwa wa jirani wanakimbia."

Walicheka wote wawili, mpaka mama akaja kuchungulia kuna nini.

"Naweza kumwambia mwalimu hayo?" Chiriku aliuliza.

"Mwambie yote. Anza na lile la uongo."

Jumatatu Chiriku aliomba ruhusa, akasimama mbele ya darasa. Alisema kwamba baba yake hakuwa amesoma kitabu siku ile, na kwamba machozi na mvuke alivibuni yeye. "Mwongo!" mvulana mmoja aliropoka kutoka nyuma. Mwalimu akainua mkono, darasa likatulia. Kisha Chiriku akayaeleza maoni ya baba yake kama alivyoyasikia, bila kuongeza chumvi, yakiwemo ya mlango uliofungwa, kimya na mbwa wa jirani.

Mwalimu aliketi kwenye kiti chake.

"Ile hadithi yako ya kwanza ilinitoa machozi," alisema. "Nilimpigia simu dada yangu, naye nikamliza. Sasa itabidi nimpigie tena nimwombe radhi. Umeona uongo unavyotembea? Umeutoa hapa darasani, umeshafika kwa mtu usiyemjua."

"Nisamehe, mwalimu."

"Nimekusamehe. Kukiri mbele ya wenzako si kazi nyepesi." Aliinuka, akaligeukia darasa zima. "Wanangu, kutunga si kosa. Aliyeandika riwaya hii ametunga kila neno, lakini ametuambia tangu jaladani kwamba ni riwaya. Kosa ni kumtungia mtu aliye hai maneno na machozi, halafu ukatuapia kwamba ni yake. Ukitaka kujua yaliyo moyoni mwa mtu unayempenda, muulize. Akinyamaza, mngoje. Akichelewa, mngoje tena. Lakini usimjibie, kwa sababu jibu lake mwenyewe, hata likiwa fupi, hata likiwa 'ehee' tu, ndilo litakalokufikisha kwake."