Walicheka Sayari ya Achille

— Achille, unaenda wapi? Filme haijaisha.

— Kwangu imeisha.

Alisema hivyo bila kugeuka. Nyuma yao, ndani ya ukumbi wa parokia ya mtaa wa Ndosho, watu zaidi ya mia mbili walikuwa wanacheka mpaka viti vya plastiki vinalia. Kasoki alimkimbilia, viatu mkononi, akamshika mkono karibu na geti.

— Ngoja kidogo. Nisikilize.

— Nimesikia vya kutosha. Na wewe nilikuona.

— Uliniona nini?

— Ulikuwa umeinamia bega ya papa yako, unacheka mpaka unapanguza machozi. Wale wengine siwajui, wacheke. Lakini wewe, Kasoki?

Kasoki akazidi kumshika mkono. Ni kweli alicheka. Achille akautoa mkono wake taratibu, akapanda pikipiki ya kwanza iliyopita, akaondoka. Ilikuwa Jumapili, saa kumi ya mchana. Ndani watu walikuwa bado wanacheka.

Huyu Achille Habarurema alikuwa na miaka thelathini na moja, fundi wa simu na televisheni pale Ndosho. Mwaka 2021, volkano iliposhuka, ilimeza nyumba ya mama yake upande wa Munigi. Wote walitoka wazima, lakini nyumba ilibaki chini ya mawe meusi, na mama Mukamugema akahamia Kibumba kulima kabeji. Hakutaka tena kuona mahali pale. Achille naye hakuweza kukaa mbali napo. Ndipo akaanza kutengeneza filamu yake, Sayari Isiyo na Moto: kapteni mmoja, nyumba yake imeungua, anaiacha dunia na kwenda kutafuta sayari ambayo haina volkano.

Ilimchukua miaka mitatu. Chombo cha anga kilikuwa chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zilizofungwa pamoja, zikafunikwa mabati na mlango wa friji iliyokufa. Kapteni alikuwa Élisée, dereva wa pikipiki na rafiki yake wa tangu shule. Wenyeji wa sayari walikuwa vijana wa kwaya waliovaa bidoni za njano, yale madumu ya maji, kichwani, zimetobolewa macho. Mavazi yao yalishonwa na Kasoki, mwalimu wa mwaka wa nne, kwa mifuko ya biskuti iliyogeuzwa ndani nje ili ing'ae. Alishona jioni kwa jioni, akimaliza kusahihisha madaftari. Katika kushona huko ndiko walikopendana.

Tatizo ni kwamba Achille alitengeneza filamu ya huzuni, na watu wa Ndosho waliona kitu kingine.

Chombo kilipopaa, kamba iliyokivuta ilionekana wazi. Watu wakaguna. Mwanajeshi mmoja wa sayari, bidoni ikiwa imemgeukia kichwani, aligonga jiwe na kuliomba jiwe samahani. Watu wakaanza kushikana mikono. Halafu Kapteni akasimama juu ya mawe meusi, akatazama mbali, akasema kwa uchungu:

— Sayari hii haina kiumbe hai hata kimoja.

Nyuma yake akapita kuku na vifaranga sita. Na kutoka mbali, kipaza sauti cha muuzaji wa barabarani kikasema: "Dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni."

Achille alikuwa amemwona kuku huyo tangu zamani. Lakini siku ile Élisée aliigiza kupita siku zote, machozi ya kweli yalimtoka, hawangeweza kurudia. Sauti ya muuzaji ilikuwa ndogo sana katika spika za kompyuta yake. Katika spika za parokia ilijaza ukumbi.

Jumatatu asubuhi Kasoki aliandika: "Achille, tuonane. Kuna kitu haujui."

Jibu likaja saa sita: "Najua yenye inatosha. Filme naifuta. Mabati napeleka Kibumba, mama afunikie mbuzi zake. Usinipigie."

Alipiga. Simu ilikuwa imezimwa. Jumanne alipita kwenye kibanda chake, akakuta kufuli. Jirani akamwambia kwamba fundi alipita asubuhi kuchukua nyundo na bisibisi, hakusalimia mtu.

Jumatano, Kasoki akiwa anampakulia baba yake chakula cha mchana, Élisée alipiga. Mikono ya Kasoki ilikuwa na unga, akaweka simu mezani, sauti nje.

— Kasoki, uko wapi? Huyu rafiki yetu anaharibu kila kitu.

— Anaharibu nini?

— Iko Munigi, anabomoa chombo. Nimetoka kuongea naye, amenifukuza. Na mutu wa parokia ananiambia vijana wanaomba filme irudi Jumapili. Mimi mwenyewe, kila mahali napita na pikipiki wananiita Kapteni. Mama mumoja alinibusu mukono kwa soko. Nilimwambia Achille, akasema wananicheka.

— Na filme? Amefuta?

— Sijui. Anasema leo anafuta.

Kijiko cha baba yake kikasimama hewani. Muzee Kambere alikuwa mfanyabiashara wa maharagi, ametoka Butembo tangu ujana wake, mtu wa maneno machache. Tangu mke wake, mama Ernestine, azikwe miaka miwili nyuma, hata hayo machache yalipungua. Alizoea kumwita Achille "ule mutu wa bidoni", na alikwenda kwenye ukumbi ule kwa sababu tu binti yake alimsihi wiki nzima.

— Nani anataka kufuta nini? aliuliza.

— Achille, papa. Filme yake.

Muzee akaweka kijiko chini. Akanawa.

— Mwambie Élisée alete pikipiki. Na rafiki yake mwingine na pikipiki. Tunaenda.

— Papa, haujakula.

— Nitakula nikirudi.

Walimkuta katikati ya mawe, shati limeloa jasho, anang'oa misumari. Upande mmoja wa chombo ulikuwa tayari umelala chini. Achille alipomwona muzee akishuka kwa shida kwenye yale mawe makali, aliacha nyundo, akamfuata na kumpa mkono.

— Muzee, shikamoo. Ungeanguka hapa. Mungeniita, ningekuja.

— Simu yako haiingie, muzee akasema. Niache kwanza nipumzike. Ongea na mutoto.

Akaketi juu ya jiwe, akawapa mgongo. Élisée naye akajifanya anaangalia tairi.

— Umefuta? Kasoki akauliza.

Achille akatazama chini.

— Nilijaribu. Kompyuta iliniuliza kama niko na hakika. Nikaifunga.

Kasoki akashusha pumzi.

— Nilicheka, Achille. Sitakudanganya. Kuku ilipita na mimi nilicheka.

— Unajua hapa ni wapi? Hapa tunasimama ni jikoni ya mama yangu. Nilileta watu waone maumivu yangu. Waliona kuku.

— Najua hapa ni wapi. Ulinionesha siku ya kwanza. Lakini wewe haujui kitu kimoja. Unajua nani alianza kucheka kwa ile mustari yetu ya viti? Ni papa.

Achille akamtazama muzee, ambaye hakugeuka.

— Miaka mbili, Kasoki akaendelea. Miaka mbili kwa nyumba yetu hakuna mutu alicheka. Nilishasahau iyo sauti iko namna gani. Kuku ikapita, nikasikia kitu kando yangu, nikafikiri papa anakohoa. Kumbe anacheka. Nikamwinamia kwa bega. Uliona ninapanguza machozi, uliona vizuri. Nilikuwa ninalia.

Achille alikuwa ameshika msumari uliopinda, anauzungusha katikati ya vidole.

— Tena sikia. Zile filme za watu wenye vyombo vyote, ninaziangalia, kesho nimesahau. Kila kitu ndani ni kizuri na sione mutu. Ya yako, nakuona mahali yote. Ile kamba, najua mukono gani uliivuta. Naona mutu mwenye alikuwa na chukudu mbili na mulango wa frigo, na aliamini kabisa atafika kwa nyota. Watu walicheka juu waliamini pamoja na wewe. Mutu hacheke vile kitu hapendi. Kitu hapendi, anatoka nje.

— Mimi ndiye nilitoka nje.

— Ndiyo. Na ulikosa mwisho.

— Walifanya nini kwa mwisho? Walipiga mayowe?

Aliyejibu ni muzee Kambere. Alikuwa amesimama, fimbo yake imeingia kwenye ufa wa mawe.

— Kapteni anakaa chini, akasema. Anachukua ile radio, anaita mama yake. Anasema: "Mama, nimefika. Hapa hakuna moto. Lakini hakuna jikoni yako pia." Ni vile?

— Ni vile, muzee.

— Hakuna mutu alicheka. Hata wale vijana wa nyuma walinyamaza. Nilisikia mama mumoja mbele analia kama iko kwa kilio. Taa iliwaka, watu hawakusimama. Walibaki kwa viti. Mimi pia nilibaki.

Achille akamgeukia Élisée.

— Juu ya nini haukuniambia?

— Ulinipatia nafasi? Nilisema neno moja ukachukua nyundo.

Achille akaketi palepale juu ya bati lililolala. Akaficha uso kwa mikono, mabega yakatikisika. Kasoki akaketi kando yake, akamwekea mkono mgongoni. Muzee akachomoa fimbo yake kwenye ufa.

— Mke wangu alikufa, akasema, na watu walikuja kuniambia maneno mazuri. Mapadiri, wafanyabiashara wenzangu, wote. Maneno yalipita juu yangu. Wewe ulinichekesha kwanza. Nikiwa nimefunguka vile, ukasema lile neno la jikoni, likaingia ndani kabisa. Sijui kama ulifanya makusudi.

— Apana, muzee. Sikufanya makusudi.

— Basi usijaribu kuelewa. Rudisha mabati.

Achille akapanguza uso.

— Nitarudisha. Lakini mbele ya Jumapili nitakata pale pa kuku. Na ile sauti ya dawa ya panya.

— Ukikata iyo kuku, muzee akasema, usikanyage kwangu.

Élisée akageuza uso haraka. Kasoki akauma mdomo. Achille akamtazama muzee kujua kama ni mzaha, akaona si mzaha.

— Na nikiiacha?

— Ukiiacha, unakuja kwangu filme ikiisha. Unakuja na mama yako, tuongee kama wakubwa. Au uko na kitu kingine unataka kwa mutoto wangu?

— Apana, muzee. Ni icho tu ninataka. Tangu siku nyingi.

— Mimi sijaulizwa, Kasoki akasema.

Achille akamgeukia, mikono imejaa kutu.

— Kasoki, utakubali?

— Washa kwanza simu yako. Mutu wa kuzima simu sioleke naye.

Akaiwasha mbele yao. Ujumbe ukaanza kuingia, mmoja baada ya mwingine, kumi na saba, wote wa Kasoki. Wa mwisho ulisema: "Hata ukifuta, mimi nimeikamata yote kwa kichwa."

— Nimekubali, Kasoki akasema.

Jumapili mama Mukamugema alishuka kutoka Kibumba. Mwanawe alimwambia ukweli wote njiani: mawe yale ni yapi, na kwamba watu watacheka. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mama alicheka na wengine, mkono mdomoni. Kapteni alipoita kwa radio, alichukua mkono wa mwanawe akaubana, na watu wote wakanyamaza, na ukimya ule Achille akausikia kwa masikio yake mwenyewe.

Jioni ile wakubwa walikaa sebuleni kwa muzee Kambere, wakaweka ndoa mwezi wa nane. Achille na Kasoki waliachwa nje barazani, wakisikiliza wazazi wao wakiongea juu ya bei ya kabeji kana kwamba walijuana miaka yote.

— Wewe, Kasoki akasema. Unafikiri nini?

— Filme ya pili.

— Itakuwa juu ya nini?

— Mapenzi.

— Itakuwa ya kuchekesha?

— Apana. Safari hii nataka iwe ya huzuni kabisa. Watu walie tangu mwanzo mpaka mwisho.

Alisema kwa uso mzito, kama mtu anayeapa mahakamani. Kasoki alijikaza, akashindwa, akaanza kucheka. Achille alimtazama akicheka, akakivuta kiti chake karibu, akangojea amalize.