Harufu ya Shayiri

Saa nane na dakika ishirini mchana, Jumamosi ya pili ya Desemba, theluji ilikuwa inafika vifundoni. Ndani ya ukumbi wa kuonjea bia mjini Saint Paul, Rahab, nesi kutoka Nakuru, alifika mbele ya foleni akiwa na koti jekundu. Aliyemmiminia alikuwa Janvier, mpika bia, mzaliwa wa Bukavu: bia ya majira ya baridi, nyeusi kama kahawa, kilevi asilimia kumi na moja.

"Baridi hivi?" Rahab alinong'ona.

"Ninyi Wakenya munapenda ya moto, si vile?" Janvier alimjibu kwa Kiswahili.

"Warm, si moto. Moto ni chai."

"Basi ushike glasi kwa mikono, dakika tano. Hii bia haipendi friji."

Alisubiri, kisha akaonja. Kwanza ilikuja ladha ya ganda la mkate ulioungua, halafu utamu mzito, mwishoni uchungu, na joto likamshuka kifuani.

"Unasikia nini?"

"Sukari nguru iliyoungua. Na tende."

Janvier aliandika hayo kwenye daftari lake, kisha akaomba namba ya simu. Akapewa.

Kwa miezi miwili walipigiana simu kila Rahab alipotoka zamu. Janvier alikwenda Bloomington, alikoishi Rahab, kumwona mara kumi na moja. Lakini nyumbani kwake mwenyewe, Woodbury, alikoishi na mama yake, Euphrasie, hakumwalika hata mara moja.

"Janvier, uko na bibi?" Rahab alimwuliza kwenye simu.

"Hapana, chérie, mpenzi wangu."

"Sasa mbona sijui mlango wenu?"

"Mama anajua ninatumika kazi kwa kiwanda ya mikate."

Rahab alicheka, kisha akaacha. Euphrasie alikuwa mwombezi kanisani, na bia kwake ilikuwa dhambi. Kwa miaka mitatu, harufu ya shayiri iliyookwa kwenye nguo za mwanawe ndiyo iliyokuwa ushahidi wa mikate hiyo.

"Siingii kwa mama yako na uongo," Rahab alisema. "Ukimwambia, nipigie. Usipomwambia, usinipigie."

Simu haikulia kwa siku kumi na tisa. Siku ya ishirini, Jumapili baada ya ibada, ililia.

"Nimemwambia."

"Akasema?"

"Alijua zamani. Ameniuliza, 'Mkate gani, miaka mitatu, hujaniletea hata moja?'"

Rahab alijiziba mdomo. "Amekasirika?"

"Sana. Anaomba kiwanda ifungwe."

"Na mimi?"

"Anauliza kama unakula sombe, ile kisamvu yetu."

Jumapili iliyofuata, saa saba na dakika kumi mchana, Rahab alibonyeza kengele huko Woodbury, amevaa gauni la kijani lililopita magoti. Euphrasie alifungua. Janvier alisimama nyuma yake, mikono mfukoni.

"Ni wewe ulimwambia aseme ukweli?" Euphrasie alimwuliza Rahab.

"Ndiyo, Mama."

Euphrasie alimketisha kwenye kiti kilichokuwa kando ya chake. Aliombea chakula, na ndani ya sala hiyo akawataja watoto wake: Janvier na Rahab.