Ombi Lililoangusha Seva

Siku Elisifa alipokutana na Primus, alimwagiwa mtori, supu nzito ya ndizi. Mgahawa wa karibu na stendi ya Moshi ulikuwa umefurika watu. Kijana mwenye shati la bluu lililonyooshwa kwa pasi akamgonga kiwiko, bakuli lote likaishia kwenye gauni lake la njano.

"Pole sana, dada! Nitakufulia."

"Utafulia wapi, hapa mezani?" Elisifa akaangua kicheko.

Gauni halijakauka, walikuwa wameshabadilishana namba za simu. Primus, mzaliwa wa mji wa Mkuu, aliuza mifumo ya kompyuta. Elisifa alitunza kanzidata, yaani kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta, ya hospitali moja binafsi pale mjini. Simu zao zikawa za asubuhi na jioni.

Jioni moja Elisifa alimlalamikia, "Nimechoka, mpenzi. Programu ya seva yetu ina udhaifu. Aliye kwenye mtandao wetu akituma ombi moja lililokosewa makusudi, seva nzima inazimika. Marekebisho yameshatoka, bosi ananiambia nisubiri."

"Ombi moja tu? Likoje hilo, mama?"

Akamweleza.

Jumatatu Primus alikuja hospitalini, akaunganisha kompyuta yake kwenye mtandao wao kumwonyesha mkurugenzi mfumo wa kampuni yake. Muda si mrefu seva ikaanguka. Elisifa akaiwasha, ikaanguka tena. Mafaili hayafunguki, wagonjwa wamejaa koridoni. Mzee Wilson wa Mwika, jirani wa kina Elisifa, aliletwa hajitambui, akachomwa penisilini. Onyo kwamba dawa hiyo inamdhuru lilikuwa ndani ya seva.

Elisifa akalikuta ombi lililoiangusha: lile lile alilomweleza Primus. Akapiga simu.

"Primus, ni wewe?"

"Nilitaka waone mfumo wao ni mbovu, wachukue wetu. Dakika chache tu, Eli! Nipate hii kazi, nije Mwika kwa wazee wako kukuposa."

"Mzee Wilson amefariki."

"Mungu wangu…"

"Rudi tukaseme. Nitasimama na wewe, maana mimi ndiye niliyekwambia."

"Watanifunga! Nani anajua zaidi yako? Nyamaza tu, mpenzi wangu. Nakuomba."

"Mkewe amekaa hapa sakafuni, Primus. Ananishika mkono, anadhani nalia naye tu."

"Eli, unanipenda au hunipendi?"

"Nakupenda," alisema, akakata simu.

Akapanda ngazi hadi kwa mkurugenzi, akaeleza yote, akianza na kosa lake.

"Na huyo Primus," mkurugenzi akauliza, "ni nani kwako?"

"Alikuwa mchumba wangu."