Kizibo Baridi

Nina miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili, muuza mitumba hapa Garissa. Nilihamia huku kutoka Kitui mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, mume wangu alipoletwa kuwa karani wa soko. Tangu hapo nauzia juani. Jua la Garissa mnalijua?

Mwaka jana kibanda kimoja chenye paa kikawa wazi. Wanawake sita tulikitaka, basi tukapiga kura. Kila mmoja alitia alama kizibo chake cha soda, vyote vikaingia ndani ya kopo. Mume wangu akateuliwa kuchomoa kimoja, akiwa amefumba macho. Nilifurahi! Si mume wangu?

Akaingiza mkono. Akapapasa... akapapasa... akatoa cha Mwikali, muuza soda, rafiki yangu wa kanisani!

Kizibo kikamponyoka. Halima, muuza maziwa, akakiokota.

"Wallahi, hii iko baridi!" akasema. "Yetu yote iko moto. Kwa nini?"

Soko zima, ni Mwikali tu aliyekuwa na friji! Na mume wangu alijuaje kutafuta baridi? Nilipombana nyumbani alikiri. Walikuwa wapenzi tangu Krismasi.

Nililia? Kidogo tu. Kisha nikatafuta dawa yao.

Nilidai kura irudiwe, bila mkono wa mtu. Tuchonge vijiti sita vyenye alama, tuvitie katika sufuria iliyojaa maji pomoni, tuchochee moto. Kijiti cha kwanza kumwagika nje ndicho mshindi.

Msinione mtakatifu. Nilikuwa nimejaribu kwanza jikoni kwangu, nikisaka ujanja wa kumbwaga Mwikali. Sikuupata! Kila mara maji yalitupa kijiti nisichokitarajia. Hapo nikatulia, maana hata wao wasingeupata.

Siku ya kura maji yalitokota. Vijiti vikazama, vikaibuka, vikagongana... Mwikali akamwomba Mungu kwa sauti. Kikaruka cha Halima!

Nami nilikosa, lakini nilicheka hadi nikaketi chini. Nguo za mwanamume yule nikazimwaga mbele ya friji ya Mwikali, soko zima likitazama.

Dada zangu, nawasihi, msikabidhi bahati yenu kwa mkono wa mtu kwa kuwa eti anawapenda. Mkono una wapenzi wake. Maji ya moto hayana.

Juzi mume wangu alituma wazee waniombe arudi. Nimewajibu kwamba sufuria ipo na maji yapo, ila kijiti chake nimeshakitia motoni.