Nilimgawia Kulwa Dawa ya Doto

Nina miaka ishirini na tisa. Nimezaa mara moja tu, watoto wawili kwa mpigo, na leo hakuna hata mmoja anayelala nyumbani kwangu. Mmoja yuko kaburini Kwihara. Mwingine yu hai na ana afya tele, ila ananiita Mama wa Ntalikwa, kama mtu anayetaja ndugu wa mbali.

Msinionee huruma haraka, wasomaji wenzangu. Someni kwanza mpaka mwisho.

Niliolewa Kwihara kwenye familia ya wakulima wa mahindi, karanga na tumbaku kidogo. Mume wangu, nitamwita Deusi, ni mtu mpole asiye na maneno. Maneno nilikuwa nayo mimi! Na nilipojifungua mapacha wa kiume ndipo nikaota mapembe kabisa. Huku kwetu mama wa mapacha anasalimiwa kwa heshima yake, na mimi heshima hiyo niliidai hata kwa wasiotaka kunipa. Kulwa na Doto niliwavalisha mashati yanayofanana. Watalii wanaokuja kuangalia tembe la zamani, ile nyumba ya udongo ya kihistoria, walikuwa wakisimama kuwapiga picha, nami nasimama pembeni nimejishika kiuno, najiona malkia.

Bibi yangu alinifundisha sheria moja ya mapacha, nikaishika kuliko amri za kanisani. Ukimpa mmoja, mpe na mwenzake, kwa kipimo kile kile. Ukimpunja mmoja anasononeka, anaugua, na anaweza kuondoka. Basi kwangu kila kitu kilikuwa viwili viwili. Hata kofi, nikimchapa Kulwa, na Doto anaonja.

Walikuwa wanakaribia miaka mitatu Doto alipoanza kuchemka. Zahanati walimpima malaria, haikuwepo. Lakini alikuwa akihema haraka haraka na shingo imelegea, wakatuambia tusipoteze muda, twende hospitali mjini. Huko daktari akatueleza kwamba bakteria wameingia kwenye damu ya mtoto na wanatembea nayo mwili mzima. Akachomwa sindano siku baada ya siku...

Aliyekaa nami wodini ni wifi yangu Skola, dada yake Deusi, anayeuza nafaka Isevya. Alilala sakafuni kwenye mkeka wangu, akafua nguo za Doto zenye matapishi, akaniletea uji kila asubuhi. Skola alikuwa na miaka kumi na moja kwenye ndoa bila mtoto. Kumbukeni hilo, kwa sababu mimi sikulisahau hata siku moja.

Doto alipata nafuu. Akaanza kudai ugali! Tukaruhusiwa na chupa ya dawa ya maji, kijiko kimoja kizima mara tatu kwa siku, siku saba, kisha turudi aangaliwe. Nesi alisema homa kuisha si kupona, dawa lazima iishe yote ndani ya mtoto huyu.

Skola alitusindikiza hadi Kwihara. Alinijua vizuri. Kabla hata sijatua mzigo akaniomba abaki wiki nzima ili yeye ndiye ampe Doto dawa, na Kulwa asiiguse, maana yeye si mgonjwa.

Damu ikanichemka. Nyumbani kwangu, mbele ya majirani waliokuja kutupa pole, nielekezwe na nani? Nikamwambia:

“Wifi, tumbo lako halijawahi kubeba hata mmoja. Utanifundisha nini kuhusu mapacha?”

Jirani mmoja alicheka. Skola alikunja kitenge chake, akakiweka kwenye mfuko, akawaaga watoto kwa kuwashika vichwa, akaondoka. Nami nilijisikia mshindi... Mjinga mimi!

Jioni ile ile nikaanza kugawa. Nusu kijiko kwa Kulwa, nusu kijiko kwa Doto. Kulwa aliipenda kwa sababu ilikuwa tamu. Akiniona tu nimeshika kijiko alikuwa anasimama mbele yangu, anainua kidevu, anafumba macho na kufungua mdomo. Deusi alikuwa akishinda kwenye bani la kukaushia tumbaku, hakuona kitu. Siku ya saba chupa ikaisha kama nesi alivyotaka, nikaona mbona hesabu yangu imekubali.

Siku ya kurudi hospitali, nesi aliniuliza kama dawa imeisha. Nikainua chupa tupu juu.

“Yote kanywa mwenyewe?”

“Yote,” nilijibu.

Akanisifu, akawaambia akina mama waliokaa kwenye benchi waige mfano wangu. Mnajua nilivyotembea kutoka pale?

Siku tatu baadaye, mchana, Doto akakataa uji. Tumbo lilikuwa la moto, miguu ya baridi. Kulwa alimvuta mkono wakacheze, mwenzake hakuwa na nguvu hata ya kulia. Tukakimbia mjini kwa bodaboda.

Daktari akauliza mtoto alikunywa dawa kiasi gani. Deusi akanitazama. Nikasema tena: yote, kijiko kizima. Nilishasema kwa nesi, sasa ningeanzia wapi kujikana mbele ya mume wangu? Daktari akakunja uso, akasema basi dawa ile imeshindwa. Akamchoma iliyokuwepo, akamtuma Deusi kutafuta nyingine kwenye maduka ya dawa. Nilikuwa na muda wa kufungua mdomo. Nilikaa kitandani namsugua Doto miguu, kimya...

Deusi alirudi amebeba dawa kwenye kifuko, akakuta shuka limeshafunika uso wa mwanawe.

Je, ukweli ungemwokoa saa ile? Sijui. Sijapata ubavu wa kurudi kumuuliza daktari.

Wazee wa ukoo walikataza kilio cha sauti, walisema pacha haliliwi. Kwa hiyo hata kupiga yowe nilinyimwa. Siku ya tatu ya msiba Skola alikuwa akinisaidia kufanya usafi ndani, akaikuta chupa na kijiko chake. Akamimina maji kukisuuza kijiko.

Kulwa akaja mbio. Akasimama mbele ya shangazi yake, akainua kidevu, akafumba macho, akafungua mdomo.

Skola akaacha kusuuza. Akamuuliza polepole nani alikuwa akimpa dawa.

“Mama,” mtoto akasema. “Mimi na Doto.”

Deusi alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza kama nilikuwa nawagawia. Nikatikisa kichwa kukubali. Hakunigusa. Heri angenipiga! Aligeuka akatoka nje, na tangu siku hiyo hajanitamkia neno zaidi ya lazima.

Kikao cha ukoo kilikuwa kifupi. Kulwa aende Isevya kwa shangazi yake, mimi nirudi kwa wazazi wangu Ntalikwa. Majirani wale wale waliokuwepo siku ya tusi wakasema nimemla mwanangu. Wengine, bila aibu, walisema Kulwa ndiye aliyemla pacha wake, wakayasema hayo mbele yake.

Mwezi uliopita nilikwenda Isevya kumwona. Ana miaka mitano sasa, na Mama kwake siku hizi ni Skola. Nilibeba machungwa mawili, mkono wangu bado unanunua viwili viwili. Nikamkuta ana homa, wametoka naye zahanati, chupa iko mezani. Nikamsihi Skola niruhusiwe nimpe mimi, mara moja tu. Nilishakishika kijiko. Akanifungua vidole kimoja kimoja, bila hasira yoyote.

“Dawa nitampa mimi, wifi.”

Kulwa akainua kidevu, akafumba macho, akamfungulia mdomo mama yake.

Ndugu zangu, akina mama wenzangu, hasa ninyi wa mapacha, nawaomba kwa machozi. Dawa si ugali wa kugawana. Aliyeandikiwa ndiye anywe, kipimo chake chote, hata kama mwenzake analia na bibi yako ananung'unika. Anayekuja kukuonya kwa upole usimchome pale anapoumia. Na kama umeshakosea, mwambie nesi, mwambie daktari, aibu ikuue wewe, imwache mtoto. Mimi niliulizwa mara mbili, na mara zote mbili nilijibu “yote”.